Lima, mali na kinyume: konjugesi ilivyovunjika vipande

Wiki ya kumi ya muhula ndo hii, majaribio yamepamba moto, watu wanapiga msuli mpaka mbu wanakata tamaa. Mimi leo nimeamua kuandika, kwa sababu kuna ubishi umezuka kati yetu wa mwaka wa tatu tunaochukua aljebra, na nimeona bora niuweke hapa tuuone wote, hata nyie wa sosholojia na sheria mnaosema watu wa hesabu tunaongea na kuta.

Ubishi wenyewe ni huu. Kwenye nadharia ya makundi kuna kitu kinaitwa konjugesi. Fasili yake ni moja, unaimeza kwenye desa ndani ya dakika mbili. Ukihamia kwenye nusukundi unakuta fasili nne, tano, na kila mwandishi ana yake. Mshkaji mmoja akasema hiyo ni dalili kwamba wataalamu wenyewe hawajui wanachofanya. Mwingine akasema safi tu, ukisahau moja mtihanini unaandika nyingine. Mimi nasema wote wawili hawajaiangalia historia. Zile fasili hazikuanguka toka mbinguni kwa pamoja. Zilikuja moja moja, kila moja na watu wake, mwaka wake na swali lake.

Na kwangu si ubishi wa kupitisha jioni. Mwezi ujao natakiwa nipeleke mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na ninayoitaka ni hii. Nikishindwa kueleza kwa nini fasili ni nyingi, sina mradi. Kwa hiyo nyie ndo majaji wangu wa kwanza.

Tuanze taratibu. Chukua wanafunzi watano wamekaa na madaftari: Juma, Asha, Neema, Kato na Zawadi. Kitendo kimoja ni hivi: Juma anampa Asha, Asha anampa Neema, Neema anampa Juma, Kato na Zawadi wanabadilishana. Kila mtu ametoa, kila mtu amepokea. Vitendo vya aina hiyo kwa watu watano viko 120. Unaweza kufanya kimoja kikafuatiwa na kingine, kipo kile cha kila mtu kubaki na chake, na kila kitendo kina kinyume chake, yaani kile kinachorudisha madaftari yalikotoka. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio unaitwa kundi.

Sasa badilisha majina tu. Sema Zawadi anampa Kato, Kato anampa Asha, Asha anampa Zawadi, huku Juma na Neema wanabadilishana. Ni kitendo kingine, lakini umbo ni lile lile: duara la watu watatu na duara la wawili. Hivyo vitendo viwili ni ndugu wa konjugesi. Kwa alama, a na b ni ndugu kama kuna g ambayo b = g' a g, ambapo g' ni kinyume cha g. Soma kutoka kushoto: kwanza g' inakurudisha kwenye majina ya zamani, halafu unafanya a, halafu g inakuleta kwenye majina mapya. Yaani unakwenda kwa jirani, unafanya kazi kwa utaratibu wake, unarudi nyumbani. Basi.

Ukipanga vitendo vyote 120 kwa undugu huo, unapata koo 7 tu. Kwa nini 7? Kwa sababu kuna njia 7 za kugawa watu watano katika maduara: 5, 4 na 1, 3 na 2, 3, 1 na 1, 2, 2 na 1, 2, 1, 1 na 1, na wote peke yao. Vitu 120 vimekuwa 7. Hiyo ndiyo faida ya konjugesi: inakuambia vitu gani vinatofautiana kwa majina tu.

Nani alianza? Kijana Évariste Galois wa Ufaransa, aliyekufa tarehe 31 Mei 1832 kwa jeraha la risasi baada ya pambano la watu wawili, akiwa na miaka 20. Siku mbili kabla alimwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu. Ndani yake anaeleza kundi linaweza kugawanywa kwa kutumia kundi dogo lililo ndani yake, kwa kuzidisha upande wa kushoto au upande wa kulia, na kwamba pande zote mbili zikikubaliana, hapo pana siri ya kutatua milinganyo. Kwa lugha ya leo, hilo kundi dogo ni ndugu wa nafsi yake tu: ukilipeleka kwa jirani na kulirudisha, halibadiliki. Kazi zake zilichapishwa mwaka 1846 na Joseph Liouville, miaka 14 baada ya mazishi.

Kabla kidogo ya hapo, mwaka 1845, Augustin-Louis Cauchy alikuwa anaandika makala mfululizo kuhusu vitendo vya kupanga upya. Ndiye aliyeonyesha kanuni ya maduara niliyowapa hapo juu. Sasa sikilizeni kituko: vitendo tunavyoviita leo ndugu wa konjugesi, yeye aliviita "vinavyofanana". Na neno "konjugeti" alilitumia kwa kitu kingine kabisa, yaani mkusanyiko mzima tunaouita leo kundi! Kwa hiyo hata jina lenyewe lilihama nyumba. Mnaosema fasili ni kitu cha kudumu kama mlima Kilimanjaro, hapo mnasemaje?

Baadaye mambo yakakaa sawa. Camille Jordan akatoa kitabu kikubwa cha makundi mwaka 1870. Mwaka 1872 Ludwig Sylow wa Norwei akathibitisha kwamba makundi madogo ya aina fulani, yale tunayoyaita kwa jina lake, yote ni ndugu wa konjugesi. Na jamaa hakuwa profesa, alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji unaoitwa leo Halden. Uprofesa aliupata mwaka 1898 akiwa na miaka 65. Mwaka 1896 Georg Frobenius akagundua jambo zito zaidi: idadi ya koo za konjugesi katika kundi lenye mwisho ni sawa na idadi ya njia za msingi za kulionyesha kundi hilo kwa matriksi. Koo 7, njia 7. Ikumbukeni hiyo namba, itarudi.

Halafu akaja Max Dehn, Mjerumani. Mwaka 1911 alichapisha maswali matatu kuhusu makundi yanayoelezwa kwa herufi na sheria za kuzifupisha. La kwanza: utajuaje kama neno fulani ni sawa na kutofanya kitu? La pili: utajuaje kama maneno mawili ni ndugu wa konjugesi? La tatu: utajuaje kama makundi mawili ni kitu kimoja? Swali la pili lilitoka kwenye jiometria. Fikiria kamba mbili zilizofungwa duara juu ya uso wenye matundu. Je, unaweza kuisogeza moja taratibu bila kuikata mpaka ifanane na nyingine? Jibu ni ndiyo pale tu maneno yao yakiwa ndugu. Dehn huyu, kwa kuwa alikuwa Myahudi, alifukuzwa uprofesa Frankfurt mwaka 1935, akakimbilia Norwei, Wajerumani wakamfuata huko, na mwishoni mwa 1940 akalazimika kuzunguka kupitia Urusi na Japani mpaka Marekani. Alifia huko mwaka 1952, akifundisha katika chuo kidogo cha sanaa.

Sawa. Sasa tuharibu kitu kimoja.

Rudi kwa wale watano. Safari hii ruhusu watu wawili wampe mtu mmoja. Sharti ni kwamba kila mtu atoe kwa mtu mmoja tu, anaweza hata kujipa mwenyewe. Vitendo sasa ni 5 × 5 × 5 × 5 × 5, yaani 3125. Kati ya hivyo 120 tu ndio vile vya zamani. Vilivyobaki 3005 havirudishiki. Wote wakimpa Zawadi, hakuna kitendo cha kurudisha, maana ukimwangalia Zawadi huwezi kujua daftari lipi limetoka kwa nani (chukulia hayana majina). Bado unaweza kuunganisha vitendo, kimoja kikafuata kingine, lakini kinyume hakuna. Mkusanyiko wa namna hiyo, wenye kuunganisha tu bila ahadi ya kinyume, ndio nusukundi. Neno lenyewe alilitumia Mfaransa de Séguier kwenye kitabu chake cha mwaka 1904, na Leonard Dickson wa Marekani akaliingiza kwenye Kiingereza mwaka 1905.

Umeona shida ilipo? Fasili ya konjugesi ni b = g' a g. Ile alama ndogo juu ya g ndiyo iliyokufa. Kwenye nusukundi hakuna g'. Basi undugu wote umekufa?

Hapo ndipo historia inapokuwa tamu. Kwenye kundi, sentensi ile moja unaweza kuiandika kwa sura nyingine bila kutaja kinyume kabisa. Sura ya kwanza: kuna g ambayo ag = gb. Sura ya pili: a inagawanyika kuwa uv, na b ni vipande hivyo hivyo vikibadilishana nafasi, vu. Kwenye kundi sura zote zinasema kitu kimoja, na ndiyo maana hakuna aliyejali atumie ipi. Ukiondoa kinyume, zinaachana njia. Fasili moja iliyokuwa imebeba mizigo mitatu inavunjika, na kila kipande kinaondoka na mzigo wake.

Pa kwanza kuonekana hivyo vipande ni kwenye maneno. Chukua herufi, unganisha, pata maneno; kuunganisha neno na neno ni nusukundi, kwa sababu huwezi kuunganisha kitu kwenye LIMA kikakurudisha kwenye utupu. Sasa gawa LIMA kuwa LI na MA. Badilisha nafasi: MALI. Anayelima anapata mali, hata hesabu inakubali! KATA inakuwa TAKA. PAKA inakuwa KAPA, na hapo wenzangu mliotoka kapa kwenye jaribio la juzi nawapa pole.

Watu wa pwani mchezo huu mnaujua toka utotoni, mnauita kinyume: silabi ya mwisho unaileta mbele, nyumba inakuwa mbanyu, na mkubwa aliye karibu haelewi mnasema nini. Si mambo ya juzi. Edward Steere aliweka mifano ya kinyume kwenye kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, mwaka ule ule wa kitabu cha Jordan. Basi angalieni lugha yetu ilivyo na maajabu: kinyume cha kundi, kile cha kurudisha, kikikosekana, kinachobaki mkononi ni kinyume cha watoto, kile cha kubadilisha nafasi. Neno moja, na ndiyo hadithi nzima ya leo.

Sasa ijaribu ile sura nyingine, ag = gb, kwa maneno hayo hayo. LIMA ukiiongezea LI unapata LIMALI. LI ukiiongezea MALI unapata LIMALI. Sawasawa! Mwaka 1962 Mmarekani Roger Lyndon na Mfaransa Marcel-Paul Schützenberger (huyu alisomea udaktari wa tiba kabla ya kuhamia hesabu) walionyesha kuwa hii si bahati. Kwenye nusukundi la maneno sura zote mbili zinakubaliana daima: kama xz = zy, basi lazima x ni uv na y ni vu. Kwa hiyo kwa watu wa maneno undugu ulipona bila hata mkwaruzo. Na una kazi za mikono pia. Mwaka 1994 Michael Burrows na David Wheeler walitoa mbinu ya kubana mafaili: unachukua maandishi, unaandika ndugu zake wote wa kuzungusha, unawapanga kwa alfabeti, na herufi zinazofanana zinajikusanya pamoja. Programu ya bzip2 inafanya kazi kwa mbinu hiyo. Ukifungua faili la namna hiyo, umetumia undugu wa lima na mali.

Lakini maneno ni nusukundi lenye tabia njema. Si yote yako hivyo.

Turudi nyuma kidogo tuone nusukundi zenyewe zilivyokua. Mwaka 1928 Anton Sushkevich alichapisha makala kwenye jarida la Kijerumani la Mathematische Annalen akionyesha kwamba kila nusukundi lenye mwisho lina kiini, na kiini hicho kimejaa makundi yanayofanana. Yaani hata ukifukuza kinyume mlangoni, makundi yamejificha uvunguni. Mwaka 1937 akatoa kitabu kizima huko Kharkov, lakini wengi wa Magharibi waliokuja baadaye walianza upya bila yeye. Mwaka 1940 David Rees wa Uingereza akatoa makala yake kubwa. Mwaka 1951 Sandy Green akatoa zile mahusiano tunazozisoma leo kwa jina lake. Mwaka 1952 Viktor Vagner kule Saratov, na mwaka 1954 Gordon Preston wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakaanzisha nusukundi zenye kinyume cha nusu nusu. Rees, Green na Preston wote watatu walifanya kazi Bletchley Park wakati wa vita, kwenye kuvunja mawasiliano ya siri ya Wajerumani.

Upande wa maswali ya Dehn, nusukundi ndizo zilizoanguka kwanza. Axel Thue wa Norwei alikuwa ameuliza mwaka 1914 kama kuna utaratibu wa kujua maneno mawili kwenye nusukundi ni sawa au la. Mwaka 1947 Emil Post kule Marekani na Andrei Markov kule Urusi, bila kushirikiana, walithibitisha kwamba utaratibu wa jumla haupo. Si kwamba haujapatikana. Haupo, na hautapatikana na kompyuta yoyote. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, Pyotr Novikov akathibitisha hivyo hivyo kwa konjugesi kwenye makundi, na mwaka 1955 akamaliza swali la kwanza la Dehn.

Basi mtu yeyote aliyetaka kuuliza swali la konjugesi kwenye nusukundi ilibidi kwanza aseme: konjugesi ipi? Mwaka 1984 Friedrich Otto alichagua sura ya ag = gb, akaifanya iende pande zote mbili: kuna g ambayo ag = gb, na kuna h ambayo bh = ha. Akathibitisha kuwa kwenye aina fulani ya nusukundi, zile zenye sheria nzuri za kufupisha maneno, tatizo linatatulika. Undugu wake una adabu zote: kila mtu ni ndugu yake mwenyewe, ukiwa ndugu yangu nami ni ndugu yako, na ndugu wa ndugu yangu ni ndugu yangu.

Kasoro yake? Sifuri. Nusukundi nyingi zina kitu kinachomeza kila kitu, kama sifuri kwenye kuzidisha. Weka g = 0: a mara 0 ni 0, na 0 mara b ni 0. Tayari, a na b ni ndugu, yoyote yale. Koo zote zinageuka ukoo mmoja. Ni kama kusema sote ni ndugu kwa sababu sote ni wa Adamu. Ni kweli, lakini haikusaidii kugawa mirathi.

Haya, jaribu sura ya kinyume cha watoto, uv na vu. Hii sifuri haiitishi sana, ila ina kasoro nyingine: ndugu wa ndugu yangu anaweza asiwe ndugu yangu. Nawapa mfano. Acha Juma ampe Asha, Asha ampe Neema, Neema ampe Kato, Kato ampe Zawadi, na Zawadi abaki na yake. Hicho ni kitendo a. Kitendo z ni wote kumpa Zawadi moja kwa moja. Je, a na z ni ndugu wa moja kwa moja? Kama a = uv na z = vu, basi kufanya a mara mbili ni uvuv, yaani u, halafu z, halafu v. Hapo katikati z ameshamiminia kila kitu kwa Zawadi, kwa hiyo mwishoni kila kitu lazima kiwe kwa mtu mmoja. Lakini ukifanya a mara mbili, la Juma liko kwa Neema na la Kato liko kwa Zawadi. Haiwezekani.

Ila pita njia ya mzunguko. Baada ya a, Juma hana kitu mkononi. Basi kitendo e, cha Juma kumpa Asha na wengine kutulia, hakigusi kitu: a ni sawa na a halafu e. Badilisha nafasi, e kwanza halafu a. Sasa Juma na Asha wote wanaangukia kwa Neema, Neema kwa Kato, Kato kwa Zawadi. Rudia: Juma na Asha hawapokei kitu, wasogeze kwanza kwa Neema, ukibadilisha nafasi, watatu wote wanaangukia kwa Kato. Rudia tena, wote wanaangukia kwa Zawadi. Hatua tatu na umefika z. Kwa hiyo ni undugu wa kupitia kwa watu, kama yule mjomba ambaye lazima utaje majina matatu ndipo mtu aelewe mnahusianaje.

Dawa ni kukubali minyororo: yeyote unayeweza kumfikia kwa hatua za kubadilisha nafasi ni ndugu. Ganna Kudryavtseva na Volodymyr Mazorchuk walichimba sana huku miaka ya 2000. Makala yao ya mwaka 2009 inalinganisha njia tatu za konjugesi kwa jina kabisa. Na ukitumia dawa hii kwa wale 3125, unapata jibu zuri mno. Rudia kitendo chochote mara nyingi. Madaftari yanakusanyika kwa watu wachache, na hao wachache wanabaki wanazungushiana bila kupoteza. Koo zinategemea maduara ya hao waliobaki tu. Akibaki mmoja, ukoo 1. Wakibaki wawili, koo 2. Watatu, 3. Wanne, 5. Watano, zile 7 za zamani. Jumla 18. Vitendo 3125 vimekuwa koo 18, na zote zimehesabiwa na makundi yaliyojificha ndani.

Na ile kanuni ya Frobenius? Donald McAlister aliandika mwaka 1972 kuhusu matriksi za nusukundi zenye mwisho, na inatoka sawa: njia za msingi za kuonyesha hizi 3125 kwa matriksi ni 18. Koo 18, njia 18. Kipande hiki ndicho kilichoondoka na mzigo wa Frobenius.

Lakini angalia kilichopotea. Mnyororo mrefu wa a na ule mmiminiko wa z sasa ni ukoo mmoja, japo kwa macho havifanani hata kidogo. Kama swali lako ni la Cauchy, "je, vinatofautiana kwa majina tu?", basi tumia vile vitendo 120 vinavyorudishika peke yake kama g. Hapo unapata koo 47, kila moja na mchoro wake. Si 18. Nani yuko sahihi, 47 au 18? Wote. Wamejibu maswali mawili.

Kazi haijaishia hapo. Mwaka 2014 João Araújo, Janusz Konieczny na António Malheiro walitibu ugonjwa wa sifuri kwa kuweka masharti juu ya g: hairuhusiwi g inayoua kile ambacho a ilikiacha hai. Mwaka 2017 wao watatu pamoja na Michael Kinyon wakaandika makala ya kulinganisha fasili nne. Mwaka 2018 Konieczny akaleta nyingine: g na h zisifutane, sawa, lakini pamoja na ag = gb na bh = ha, zimpeleke a mpaka kwa b na zimrudishe b mpaka kwa a, yaani hag = b na gbh = a. Ni ile safari ya kwenda kwa jirani na kurudi, isipokuwa njia ya kwenda na ya kurudi si lazima ziwe moja.

Kwa hiyo kwa mshkaji aliyesema wataalamu hawajui wanachofanya: wanajua sana. Kila mmoja alijua ni mzigo upi wa konjugesi anaotaka kuuokoa. Dehn alitaka utaratibu wa kutambua, Cauchy alitaka umbo, Frobenius alitaka matriksi. Kwenye kundi mizigo yote ilisafiri gari moja kwa sababu kinyume kilikuwepo, na hakuna aliyegundua kuwa ni mizigo tofauti mpaka gari lilipoharibika. Na kwa yule wa kuandika nyingine mtihanini: 47 si 18, utakula sifuri, ile inayomeza kila kitu.

Mada ya mradi wangu basi itakuwa hivi: nichukue nusukundi dogo, nihesabu koo kwa kila fasili, na kwa kila namba niseme imeokoa nini na imeacha nini. Mkiona kuna tundu kwenye maelezo yangu, nishikeni kabla msimamizi hajanishika. Na wale wa Kiswahili, nina kazi yenu: lima na mali ni silabi mbili mbili. Nani ana jozi ya silabi tatu, ukizungusha linabaki neno kamili? Atakayeipata soda juu yangu, boom likitoka.